Mwenye Mabuti Aondolewe Mlangoni Kwangu

Ndugu Mwenyekiti wa Ulinzi wa Mtaa,

Salamu, na pole kwa kazi ya kutulinda. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba ya kona, yule anayeishi peke yake. Mkutanoni ulitushauri wanawake tusio na waume tuweke mabuti ya kiume mlangoni, mwizi akiyaona aogope. Nikatii. Nilinunua ya mtumba, makubwa, nikayapaka tope. Wezi kweli hawajaja. Waliokuja ni hawa:

1. Shangazi yangu. Aliyaona, akavua viatu vyake, akaketi kumsubiri mkwe. Nikamwambia amelala. Alingoja hadi jioni, akaondoka akinung'unika kwamba mume wangu ni mvivu na hana adabu. Nilijikuta namtetea.

2. Kamati yako. Ilimpanga mwenye mabuti doria ya Jumamosi. Hakutokea, mkampa onyo. Hakujibu, mkasema huyu si mtu wa maneno mengi, mkamchagua katibu msaidizi. Nafasi hiyo nimeiomba mimi miaka yote, naambiwa nivute subira.

3. Jirani yangu ananihurumia, eti mume asiyeonekana mchana ana mke mwingine. Nimeanza kuona wivu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiniletea suruali ile ile, wiki hii nipunguze kiuno, wiki ijayo niongeze. Nami nilikuwa nashona polepole makusudi. Tangu ayaone mabuti, anapita mbali, kichwa chini. Ndugu Mwenyekiti, mimi si msichana tena. Nyumba imelindwa hadi bahati yangu imeshindwa kuingia.

Kwa hiyo naomba kamati ije na mashahidi, imtangaze mwenye mabuti kuwa amesafiri, ametoroka au, ikibidi, amefariki. Chai ya msiba nitaipika mwenyewe.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, na walinzi wa zamu.

Wako katika usalama uliopitiliza,
Fundi cherehani, nyumba ya kona

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mabuti yaliibwa. Mwizi amejileta mwenyewe asubuhi, kayavaa. Ni kinyozi. Anasema aliyachukua ili huyo bwana atoke kuyatafuta, wamalizane kiume. Akangoja, hakutoka mtu. Tafadhali futa malalamiko yote, na msimwandike popote kuwa ni mwizi. Mabuti yanampwaya, ila nimemjazia vitambaa mbele. Jumamosi atakuja doria.