Shabiki Wetu wa Aisilandi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari mbaya mazoezini. Kwaya moja ya Bungoma inamtaka Jeruto akawe mwalimu wao! Jeruto, mwalimu wa kwaya yetu! Mwanamke anayeinua kidole kimoja na ukumbi mzima wa Kitale ukanyamaza, hata Ndirangu wa kinanda, ambaye huongea mpaka usingizini. Amesema atawajibu Jumapili. Akaongeza, kwa upole unaochoma, kwamba amechoka kuimbia wazazi wetu peke yao. Kama shindano la redio halitatuletea msikilizaji hata mmoja mpya, haoni sababu ya kubaki.

Mimi, Kimeli, besi wa safu ya nyuma, naiona. Lakini nitamwambiaje? Nadhani jina langu analijua kwa jambo moja tu: huchelewa kuingia kwenye Amina. Kila mara. Hunitazama tu, na mimi hufurahi kutazamwa.

Shindano lenyewe ni la kura kwenye tovuti ya redio. Anwani moja ya mtandao, kura moja. Ndirangu ametangaza kwamba ukoo wake wote wa Moi's Bridge utatupigia. Ukoo! Mawazo ya kizamani. Mimi nina Korongo.

Jumanne, 9 Septemba

Korongo ni kivinjari changu, programu ninayofungulia tovuti. Sijaona mwingine Kitale anayekitumia. Watu wote wako kwenye kile kivinjari kikubwa kwa sababu tu kilikuja na simu, kama mtu anayeoa jirani kwa kuwa yuko karibu. Korongo nilimtafuta mwenyewe. Mwepesi, mpole, na nembo yake ni ndege aliyesimama kwa mguu mmoja. Uzuri zaidi: kiendelezi cha VPN, kijiprogramu cha kuficha ulipo, kilichotengenezewa kile kikubwa kinamkaa sawasawa. Unabonyeza, unachagua nchi, unapewa anwani ya huko, tovuti inaamini uko huko. Baada ya kupiga kura yangu halali, nimekaa kwenye kaunta ya duka la pampu la Madam Bindu, ninakofanya kazi, nikasafiri: Ufini, Japani, Kanada, Aisilandi. Kila nchi imetupigia kura. Dunia nzima inatupenda, na chai ya saa nne bado!

Kikwazo kidogo. Ureno ilikataliwa, ati nimeshapiga kura kutoka Kitale. Kumbe kiungo kilifungukia kwenye kile kivinjari kikubwa, na kiendelezi huficha tu kinachopita ndani ya Korongo. Madam Bindu akachungulia, akauliza mbona mteja wa mpira wa maji anangoja na mimi niko Ureno. Nikamkatia mteja mpira. Baadaye ikaonekana nimemkatia mfupi.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumetajwa redioni! Mtangazaji amesema kwaya yetu ina shabiki Aisilandi, huko kwenye barafu, na akasoma ujumbe aliouacha: "Sauti zenu zinanipasha moto. Olafu." Ni mimi niliyeuandika. Nilitokwa na machozi hata hivyo.

Jeruto alikuwa mtu mwingine mazoezini. Alilitaja neno Aisilandi taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi na hataki kurarua karatasi. Alisema kama mtu wa mbali hivyo ametusikia, basi pengine kazi yake hapa haijaisha. Haijaisha! Ndirangu akauliza Aisilandi iko upande gani wa Kachibora. Nilifurahi kumwona mjinga mbele yake.

Tatizo: Jeruto anataka kumshukuru Olafu kwa video, kesho jioni, kwaya yote ikiwa ukumbini. Ameshamwandikia kupitia tovuti ya redio. Olafu amekubali. Angekataaje? Aliombwa vizuri mno.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilituma ujumbe kwamba tumbo linauma, sitafika mazoezini. Nikajifungia stoo ya duka. Nyuma yangu nikatundika shuka jeupe, ndiyo theluji. Nikavaa koti zito la bawabu, kofia ya sufu na miwani ya jua. Jasho! Nikawasha kompyuta mpakato, nikaiunganisha na data ya simu, nikamfungua Korongo, nikachagua Aisilandi. Kazi safi.

Nikawasalimu kwa Kiingereza cha puani. Jeruto akatabasamu, nami nikasahau nilichotaka kusema kwa lugha yoyote. Mwalimu wa namna hii hapatikani mara mbili! Kisha akamwomba Olafu, kwa heshima zote, aimbe nao wimbo wa mwisho. Niliimba kama sijawahi kuimba. Ikafika Amina. Wote wakaingia. Halafu nikaingia mimi.

Nikajifariji kwamba kutoka Aisilandi ni mbali, sauti lazima ichelewe. Lakini Jeruto alikuwa akinitazama, kwa macho yale yale. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Hapo hapo stima ikapotea Kitale nzima. Ukumbi wao giza. Stoo yangu giza. Kitale na Aisilandi kwa mpigo! Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapaza sauti: "Ai, stima tena, bana!"

Kicheko cha Ndirangu nilikisikia vizuri sana. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumapili, 14 Septemba

Redio imefuta kura zote za nje ya nchi. Tumekuwa wa pili kutoka mwisho, na ni ukoo wa Ndirangu uliotuokoa na aibu kamili. Amenikumbusha mara kadhaa kabla ya ibada na mara moja wakati wa maombi.

Baadaye Jeruto aliniita kando. Hakunigombeza. Aliuliza kwanza kama tumbo limepona. Kisha akasema, "Kimeli, uliniumiza. Niliamini kweli kuna mtu ametusikia."

Nikamwambia yupo mtu. Amekuwa akisikia siku zote, kutoka safu ya nyuma.

Akasema kama ningemwambia hilo Jumatatu, labda angebaki. Leo asubuhi ameshawapa watu wa Bungoma neno lake. Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Yeye ndiye aliyenihurumia! Akasema Jumamosi huko wanawasikiliza na kuchagua besi wapya. "Si uje tu. Uje mwenyewe, na uso wako." Mwanamke wa ajabu. Wa ajabu kabisa.

Jumatatu, 15 Septemba

Bungoma si mbali. Nauli ninayo, na Madam Bindu amenipa ruhusa ya Jumamosi bila hata kuguna. Ningeweza kwenda tu, kama nilivyoambiwa.

Lakini nimelisoma vizuri tangazo lao la kutafuta besi. Walio nje ya nchi watasikilizwa kwa video, tena mapema, Jumatano. Jumatano! Kabla ya besi wengine wote! Jeruto hatatarajia bidii kama hiyo.

Na kosa la Ijumaa nimelitambua. Ni lile koti. Nani anaweza kuingia kwenye Amina kwa wakati, jasho likimwingia machoni? Nimemfungua Korongo, nimewasha kiendelezi, nimechagua Brazili. Huko kuna joto. Nitavaa shati.