Swichi Nyekundu ya Kirikuu cha Chacha

Leo nimeumbuka. Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima.

Alhamisi tulimpoteza mama mkubwa, aliyenilea. Mtu mtulivu, hata redio haikumpendeza. Niliomba jambo moja tu: nimpeleke mwenyewe nyumbani Nyanungu, polepole, taa zikiwaka, kwa heshima.

Binamu yangu Chacha akatoa kirikuu chake, kipikapu kile anachouzia dawa za wadudu mnadani. Nikamwambia, "Lori ninaloendesha Sirari, swichi ya taa iko kushoto. Nielekeze."

"Mwita, gari ni gari!" Akapanda gari la nyuma.

Gari ni gari! Mdogo wangu anasafisha ndege. Anasema hata ndege kubwa hazifanani: hii swichi za taa ziko juu ya kichwa cha rubani, ile ziko pembeni, na rubani hakabidhiwi ndege ngeni mpaka afundishwe upya. Mimi nilikabidhiwa ufunguo na pole.

Nikashika kijiti cha kushoto. Waipa! (Jua linawaka.) Nikashika cha kulia. Indiketa! Gari mbili za nyuma zikakata kona kwenda Sirari; la Chacha tu likanifuata. Nikaendelea bila taa, waipa zikikwaruza kioo njia nzima. Hazikuzimika.

Tukafika langoni. Kina mama wakaanza kulia. Nikasema hapa lazima taa ziwake. Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi nyekundu, haina maandishi. Nikabonyeza.

"PANYA! MENDE! KUNGUNI! Akionja tu, haamki tena!"

Spika ilikuwa juu ya kabini, karibu kabisa na jeneza. Kilio kikakatika. Nikabonyeza tena, sauti ikapanda. Nikabonyeza ya pembeni. Honi!

"Zima, wewe!" shangazi Robhi akafoka.

"Nazimia wapi, shangazi?"

Chacha akaja mbio, akachomoa waya chini ya kiti. Kimya. (Kaburi lilikuwa moja tu, la sivyo ningeomba langu.)

Baba mkubwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu Alhamisi, akaja dirishani na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," nikasema. Akainama.

"Ya panya ipo?"

"Ipo, baba."

"Mama yako alinituma wiki iliyopita. Nikasahau."

Nikampa pakiti mbili kutoka boksi la Chacha. Akazitia mfukoni mwa koti, akafunga kifungo. Ndipo tukamshusha mama.