Nilivyowaita Wateja wa Mama Njeri "Watu wa Kawaida"

Leo nimeumbuka, jamani. Hadi saa hii masikio yanawaka.

Mama Njeri wa hapa mtaani Huruma anafunga hoteli yake. Miguu imekataa, na binti yake anamchukua waende Canada. Hiyo hoteli ya mabati ndiyo ilinilea nikijifunza ufundi wa magari: chai ya maziwa asubuhi, chapati madondo mchana, na Mama anakuongezea supu kabla hujaomba. (Nilikuwa nakula polepole makusudi, aniongeze tena.)

Leo ametupikia mara ya mwisho. Tulijaa mpaka nje. Wakati wa shukrani, akakataa kusimama. "Nitalia. Wacha Shiru aongee."

Shiru ni mjukuu wake, mzaliwa wa hukohuko Canada. Msichana mzuri, ila Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu.

"Nani atamtafsiria?" Mama akauliza.

Nikainua mkono. (Nani alinituma?)

Mwanzo nilitesa! Karibuni, asanteni, Mungu awabariki. Watu makofi. Mimi huyo, mkono mfukoni kama askofu.

Halafu Shiru, machozi yakimlengalenga, akasema, "You were never just customers. You were our regulars."

Regular si ni kawaida? Nikapaza sauti: "Hamjawahi kuwa wateja! Mlikuwa tu watu wa kawaida!"



Mzee Koech, seremala aliyeanza kula hapo nywele zake zikiwa nyeusi, akaweka kikombe chini. "Mama Njeri. Miaka yote hii, kumbe ni hivyo?"

Mama akamgeukia mjukuu. "Shiru, umeambia wazee wangu nini?" Sasa analia kweli. (Ardhi, nimeze!)

Shiru akaniangalia, akashtuka. "No, no! Regulars ni watu... wanakuja! Leo wanakuja, kesho wanakuja! Mvua, wanakuja!"

Mzee Koech akafikiri kidogo, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Hapo sasa nimeelewa! Hata ile mvua ya mawe, si nilikuja?"

"Ulikuja," Mama akasema, akijipangusa macho kwa leso. "Ukakalia jiko langu kama kuku anaatamia."

Basi wakaanza kukumbushana: mandazi yaliyoungua, redio ya mpira, mteja mmoja, sasa marehemu, aliyekuwa anaimba akingoja ugali. Mtafsiri hakuhitajika tena. Nikajisogeza kwa kona na sahani yangu, nikijiuliza kesho asubuhi nitaelekea wapi.

Na atakayenicheka, nitakuja kumtafsiria harusi yake.