Siri ya Bi Upindo

Jumatatu, 4 Machi
Mteja mwingine kapita mlangoni pangu, kitambaa kwapani, kavuka barabara. Hata salamu! Kaenda kwa yule mjane, Bi Upindo. Kafungua duka la kushona juzijuzi tu, na cherehani yake ya mkono imechubuka rangi. Yangu ya umeme! Mke wangu, anayenishonea vifungo, kasema Bi Upindo kamwita akafanye kazi kwake. Meza yangu ya kazi ikiwa bado tupu Jumamosi, anakwenda. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: mama mkwe. Nimempa kitambaa changu kizuri akashonewe gauni kule, kisha aniletee nilifumue, nione siri imejificha wapi. Kauliza kwa nini nisimwulize mwenyewe. Nimwulize! Heri nimeze sindano.

Jumatano, 6 Machi
Nimechungulia kule tangu asubuhi. Kazi ngumu. Mwalimu kaja kufuata suruali niliyomwahidi wiki iliyopita. Sijaikata. Nikamwambia kesho. Kasema kesho yangu ina vitukuu. Kadai kitambaa chake, kadai na mabaki ya kitambaa cha shati la mwaka jana. Nikamjibu mabaki ni haki ya fundi. Kavuka barabara.

Alhamisi, 7 Machi
Gauni tayari! Siku ileile aliyoahidiwa. Ila mama mkwe kalivaa, hataki kulivua. Nimebembeleza. Nimeshika mkasi. Kasema, mkwe wangu, sogea na huo mkasi nipige yowe mtaa mzima ukujue. Kasema kapimwa bila haraka, kaambiwa siku, siku imetimia, na mabaki karudishiwa yamekunjwa vizuri, yanatosha foronya. Nikauliza, na siri je? Kanitazama kwa huruma. Uzee huo.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Upindo kaja mwenyewe! Kaniita kaka. Kasema kazi zimemzidi, tugawane. Sharti lake moja tu, siku ikishatajwa isivunjwe. Mtego! Anataka kuniibia ufundi. Nikamwambia simba hali majani. Kaaga kwa heshima, jambo lililoniudhi zaidi. Nyuma yangu mke wangu alikuwa anapanga vifungo. Akaacha kupanga.

Jumamosi, 9 Machi
Meza tupu. Mke kachukua mkasi wake mdogo na mkebe wa sindano. Hakugomba. Heri angegomba. Kasema chai imo kwenye chupa, kavuka barabara. Nimeinywa ikiwa imepoa. Cherehani isiyo na kazi humtazama mtu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelala nikiwaza, nimeamka nimeelewa: nina jasusi ndani ya duka lao, na mwenyewe hajui! Jioni mke wangu aliporudi, nikamhoji. Kasema kule kazi inaisha siku iliyotajwa, na mabaki yanarudi kwa mwenyewe. Basi. Nikamtuliza, asivunjike moyo, ni mgeni bado. Wakimzoea watamwonyesha siri yenyewe. Kauliza mimi leo nimeshona nini.
Maswali mengine hayana adabu.