Mhadhara Wangu wa Mwanamke Bora wa Uhispania

Jumanne, 1 Julai 2025
Nimepata dawa ya Mwamina. Tangu Idi nimemwahidi kwamba wazee wangu watapeleka posa kwao Matambarale. Sijawatuma. Siwezi kuoa mwanamke anayevaa ovaroli kupulizia mikorosho salfa na kubishana na wanaume mnadani. Kwanza anyooke. Leo nimekuta kwenye maktaba ya shule kitabu cha fasihi ya Uhispania ya miaka mia nne iliyopita. Sura ya tatu: mwanamke bora hukaa ndani, husokota nyuzi, husema kidogo. Safi sana. Siku ya Sabasaba nitatoa mhadhara hapa Nachingwea. Mwamina atakaa mbele.

Alhamisi, 3 Julai
Nimemtumia Mwamina picha za sura ya tatu. Amejibu kwamba zimemvutia, anataka na ya nne. Mwalimu Bashiri, anayenionea wivu tangu nipewe idara ya lugha, amempelekea kitabu kizima kwa pikipiki. Kujipendekeza tu. Si kitu. Anayesoma ameshaanza kunyooka.

Jumatatu, 7 Julai
Watu arobaini! Mwamina hakuonekana. Nikaanza hivyohivyo. Nyuma alikaa mpulizia dawa mmoja, ovaroli, kofia, barakoa, ananuka salfa. Nilipofika kwenye kusokota akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti nzito kwa nini wanawake wa sura ya nne, wale wa kwenye tamthilia, walivaa suruali na kufunga upanga.
Sikuwa nimeisoma. Bashiri akasimama bila kuombwa. Alieleza kwamba walikuwa wakiwasaka wanaume waliowaahidi ndoa kisha wakajificha.
Mpulizia dawa akavua barakoa.
“Mwalimu Awadhi,” alisema Mwamina, “wazee wako wanakuja lini?”
Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni salfa.

Jumanne, 8 Julai
Nimesoma sura ya nne. Ni kweli. Mmoja ametoroka nyumba ya watawa, mwingine ameshinda pambano la panga. Mwamina amepiga simu. Wazee wafike Jumamosi, la sivyo nisimpigie tena maishani. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama aliyechoka. Nampenda, hapa naweza kuandika. Nimewaomba wazee, wamekubali. Kanzu nimeifua mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai
Nimetafakari. Mwanamke aliyekuja kunisaka mbele ya watu arobaini hawezi kunikataa kwa sharti dogo. Huu ndio wakati wa kumnyoosha. Nimewaambia wazee wasubiri wiki mbili, nikaandika barua ya masharti tisa, la kwanza aache ovaroli. Bashiri amejitolea kuipeleka kesho. Nilikuwa namfikiria vibaya bure. Anasema haimsumbui hata kidogo, maana yeye na wazee wake wawili wanakwenda kulekule kwa kina Mwamina, wana shughuli yao.