Kapteni Hakusema Hivyo

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Bango limebandikwa leo asubuhi nje ya sinema: Chuma Hai, Sehemu ya Sita. Inaanza Ijumaa. Nilisimama mbele yake hadi muuza magazeti akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia nimekipata.

Ya pili ilikuwa ovyo, nakubali. Ya tatu nililala. Ya nne na ya tano hazitajwi nyumbani kwangu. Lakini katika hii Kapteni anarudi! Mwigizaji yule yule wa ile ya kwanza, mvi tele. Mtu hawezi kurudi baada ya miaka yote hiyo kwa upuuzi.

Tatizo ni Kinyozi. Duka lake limepakana na karakana yangu ya friji, na ameanza kuwatangazia wateja kwamba yeye ndiye atakayeiona kwanza mtaani. Ameshakata tiketi ya Ijumaa jioni. Mtu aliyeanzia sehemu ya tatu!

Mke wangu akauliza kwa nini mtu mzima agombanie maroboti. Huwezi kumwelewesha mtu jambo kama hili huku anakata vitunguu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Nilikwenda kwa meneja wa sinema nikamwambia nimesikia kiyoyozi chake kinakohoa. Sikuwa nimesikia chochote. Kumbe kinakohoa kweli! Alinikumbatia. Tumepatana: nikitengeneze, naye anipe viti viwili onyesho la Ijumaa mchana. Kabla ya Kinyozi. Mimi ni fundi wa friji, si wa viyoyozi. Lakini baridi ni baridi.

Kiti cha pili ni cha Dada. Hilo halina mjadala. Ile ya kwanza tuliiona pamoja, tumekaa sakafuni sebuleni kwa jirani, mwaka ule Mama alipokwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Filamu ilikuwa kwa lugha ya kigeni, bila maandishi. Dada alikuwa darasa la sita na alisema lugha hiyo anaijua. Mimi nimeegemea magoti yake, yeye ananinong'oneza kila neno.

Naikumbuka sehemu ya mwisho kama jana. Moshi, taa nyekundu. Kapteni anaufunga mlango wa chombo akiwa ndani, anageuka, anasema: "Mwambieni mdogo wangu asilie. Njia ya kurudi naijua."

Siku hiyo nililala bila kulia, mara ya kwanza tangu Mama aondoke. Na Mama alirudi kweli, na sanduku la bluu. Maneno yale nimeyatumia kwenye harusi mbili na msiba mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Dada amekataa! Ati ana sare za shule nzima za kushona, mgongo unamuuma, na maroboti hayamhusu. Akili ikafanya kazi. Nikamwambia kwamba meneja wa sinema anatafuta fundi wa kushona pazia jipya la jukwaa, kubwa ajabu, aje apime mwenyewe Ijumaa mchana.

Atakuja. Uongo mdogo, kwa nia njema.

Kiyoyozi nimekifungua. Kina vitu vingi kuliko friji.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Nilitaka kujiandaa, nikamwomba binti yangu anitafutie ile ya kwanza kwenye kompyuta yake. Akaipata, safi, na maandishi ya Kiswahili chini. Nikakaa. Moshi. Taa nyekundu. Kapteni anafunga mlango, anageuka, na maandishi yanasema: "Funga mlango. Haraka."

Basi! Nikarudisha nyuma. "Funga mlango. Haraka." Binti yangu akauliza mbona nimebadilika rangi. Kapteni hana hata mdogo wake! Na yule roboti mkubwa aliyekuwa akimwomba mama yake msamaha, kumbe alikuwa anasema: "Shabaha imeonekana."

Nikaenda mbio kwa Dada. Alikuwa kwenye cherehani. Nikamuuliza, hivi ile lugha ulikuwa unaijua kweli? Alicheka mpaka akashindwa kuendesha cherehani. Hakujua hata neno moja!

"Kwa hiyo ulinidanganya," nikamwambia.

"Ulikuwa unalia kila jioni," akasema, machozi ya kicheko bado yanamtoka. "Na mimi nilikuwa nataka kulia, ila wa kunibembeleza hakuwepo. Kapteni alikuwa anachezesha mdomo tu. Nikaona maneno niyatie mwenyewe."

Nikaondoka nimenuna. Nikarudi kuchukua kofia. Nikaondoka tena.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Ni mbovu. Mbovu! Kapteni katokea, kafanya mzaha juu ya magoti yake yanayouma, kisha kaangukiwa na lifti. Hata bisi sikuwa nimezigusa! Baada ya hapo ni roboti mdogo anayecheza muziki, na milipuko, na roboti mdogo tena. Halafu kiyoyozi kikaanza kupuliza joto. Ukumbi ukawa tanuri. Watu wakajipepea kwa viatu. Wengine wakatoka. Mimi nilikuwa nafuta uso. Jasho, nilimwambia Dada.

Dada alikuwa amekaa na futi kamba shingoni. Kisha akaniinamia. "Unajua yule mdogo anasema nini?"

Nikamwambia imeandikwa pale chini.

"Usisome," akasema.

Akaanza. Kapteni hakufa, ameteremka ghorofa ya chini kumtafuta mama wa yule roboti. Roboti hachezi, anatetemeka, kwa kuwa hajawahi kulala peke yake. Ile milipuko ni milango, inagongwa na watu waliochelewa kurudi nyumbani. Sauti ile ile, sikio lile lile. Mama mmoja nyuma yetu akamgusa bega. Nikajua tunafukuzwa. Kumbe anaomba Dada apaze sauti! Safu ya mbele ikageuka. Mpaka mwisho, wote waliokuwa wamebaki walikuwa wameipa skrini mgongo.

Taa zilipowaka Dada akasimama, akanyoosha futi yake, akauliza pazia liko wapi. Ilibidi niseme ukweli. Alinipiga kibao cha kisogoni kama zamani, kisha akanishika mkono mpaka kituoni. Mkono wa mtu mzima mwenye upara!

Jumamosi, 8 Machi

Meneja anawaambia watu mimi ni mhujumu. Sipiti tena barabara ile.

Kinyozi naye ameiona. Asubuhi tulikutana mlangoni. Akasema ilikuwa kali sana. Nikasema kali mno. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefiwa. Akaniambia niingie anitengeneze ndevu, na alipokuwa anapaka povu akauliza polepole kama ile ya kwanza ilikuwa nzuri kweli kama ninavyosema siku zote. Nikamsimulia. Mlango, moshi, mdogo wake, njia ya kurudi. Akasimamisha wembe hewani.

Nilimsimulia ya Dada. Nifanye nini? Ndiyo niliyoiona.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kifungua kinywa nimeapa mbele ya mke wangu: basi. Nimekwisha na maroboti. Fedheha hii inatosha maisha yote. Amesema alhamdulillahi, akaenda kumpigia Dada simu.

Mchana Kinyozi kagonga dirisha, simu mkononi, anahema. Wametangaza sehemu ya saba! Picha ni moja tu: mtu amesimama jangwani, amegeuka, uso hauonekani. Kinyozi anasema ni kijana mpya. Hajui kitu. Mgongo ule naujua mimi.

Na ya sita, nikiifikiria vizuri kwa utulivu, haikuwa mbaya. Ilikuwa inatayarisha mambo.

Nimemwambia Dada asipokee kazi yoyote mwezi ile ya saba itakapotoka. Kuna mtu, nimemwambia, anataka kushonewa hema.