Kifaa cha Kumwaga Kura

Jumanne, 4 Machi 2025
Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa jenereta ya soko letu hapa Kakuma. Lazima awe Ebenyo, yaani mimi. Mpinzani ni Rispa wa saluni. Kila akiwasha draya zake jenereta inazima, na maziwa yangu yanachacha kwenye friji. Watu wanasema eti friji yangu ndiyo inayovuta umeme mwingi. Uzushi! Nimemwagiza fundi Magloire, Mkongo wa kambini, aniundie kifaa cha kupima umeme unaokwenda kwa kila mtu. Nitamuumbua Rispa hadharani.

Jumatano, 5 Machi
Magloire karudi na vipuri kutoka Lodwar. Kazi yote imeenea ndani ya kopo. Umeme unapita kwenye rizista nene, mita ndogo inasoma. Safi sana. Kisha akanionyesha kidude cheusi kwenye mdomo wa mita. Akasema tusikitoe kamwe, maana kura ikiingia mingi, hicho ndicho kinamwaga ya ziada chini.

Kumwaga kura! Tena ananiambia mimi, mgombea! Rispa amemfikia huyu. Mkewe, Benita, aliponiona nimenuna alicheka, akaeleza kwamba kwao Kongo kura ni umeme wa kwenye waya. Watu wakishikwa hawakosi la kusema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeking'oa kidude kwa koleo. Magloire hajui. Sasa kura zangu zote zitaingia.

Ijumaa, 7 Machi
Soko lilijaa. Nilihutubu vizuri, hata mimi nilijisikia. Nikamwomba Rispa awashe draya zote. Mita ikafuka moshi, kopo likapasuka, jenereta ikanyamaza. Feni zote zikasimama katika jua lile la saa saba.

Tukapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wa Rispa ulitoka nje ya lango. Nyuma yangu alisimama mama yangu mzazi peke yake, na yeye alikuwa anauliza mstari wa Rispa unaanzia wapi. Nimeumia sana. Nimelia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempita Magloire akihangaika na jenereta. Sikumsalimu. Akaniita mwenyewe, kwa upole kabisa, akaniambia nivumilie tu, kura itarudi Jumatatu.

Bwana asifiwe! Nilijua uchaguzi ule ulikuwa na dosari. Nimeshaagiza mabango mapya Lodwar, na kwenye picha safari hii natabasamu.